Jedwali lililojumlisha kaya, watu na mikopo: uchambuzi wa kisa cha takwimu za mafao ya ulemavu na ugonjwa

Yaliyofichwa

Kisa hiki ni cha halmashauri moja ya wilaya katika Nyanda za Juu Kusini. Majina ya halmashauri, kata, vijiji, waajiri na watumishi yameondolewa, na mambo machache yanayoweza kuitambulisha wilaya yamebadilishwa. Idadi halisi za wanufaika nazo hazitolewi, kwa kuwa kwenye kata ndogo idadi peke yake yatosha kumfichua mtu. Palipohitaji hesabu umetumika mfano wa namba nyepesi, na imesemwa wazi kuwa ni mfano.

Usuli

Tanzania Bara haina posho moja ya taifa inayomfikia kila mtu mwenye ulemavu, wala haina fao la ugonjwa kwa kila raia. Mtu hufikiwa kwa njia mbalimbali, na kila njia ina sheria yake, orodha yake na namna yake ya kuhesabu. Asiyelijua hilo atapotea mapema akianza kutafuta takwimu za wilaya.

Mtumishi wa umma yuko PSSSF, mfuko ulioanza kazi Agosti 2018 baada ya mifuko kuunganishwa. Wa sekta binafsi yuko NSSF. Mifuko yote miwili hulipa pensheni ya ulemavu kwa mwanachama ambaye afya yake haimruhusu tena kufanya kazi. Aliyeumia kazini, au aliyepata ugonjwa unaotokana na kazi, huangukia WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Huko ulemavu wa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukitathminiwa kuwa hadi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na ukizidi hapo hugeuka pensheni ya kila mwezi. Kaya maskini, iwe na mtu mwenye ulemavu au isiwe naye, huingia TASAF, ambayo wakati wa kisa hiki ililipa kwa dirisha la kila miezi miwili.

Ugonjwa wa kawaida, usiotokana na kazi, una habari nyingine kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mlipaji ni mwajiri mwenyewe. Malipo hayo yanabaki kwenye vitabu vya mwajiri na hayaonekani kwenye orodha ya mfuko wowote. Mkulima wa viazi mlimani akilazwa miezi mitatu hana hata hilo.

Wilaya yenyewe ina sura tatu. Ukanda wa chini una mashamba ya chai, kambi za wachumaji na kiwanda. Katikati kuna mji mdogo ulioshikwa na biashara ya mbao za paina, na pembeni yake mashine ndogo za kupasua magogo, zile watu wanazoziita dingdong, ambako vijana hufanya kazi bila mkataba na vidole hukatika. Juu kabisa kuna vijiji vya viazi na pareto, vilivyotawanyika, ambavyo barabara zake hazipitiki kirahisi kuanzia Desemba hadi Aprili. Hapa chini zitaitwa kata ya chai, kata ya mji na kata ya juu.

Mfululizo wa matukio

Wakati wa kuandaa bajeti ya 2024/25, halmashauri ilihitaji jedwali moja: idadi ya watu wenye ulemavu na wagonjwa wa muda mrefu wanaopokea mafao, kwa kila kata. Jedwali lilikuwa na kazi mbili. Kwanza, kugawa visaidizi vilivyotarajiwa kununuliwa (baiskeli za magurudumu matatu, fimbo nyeupe, magongo na losheni za ngozi kwa wenye ualbino). Pili, kuamua timu ya ustawi wa jamii ianzie kata gani kuwasaidia wananchi kudai haki zao.

Agizo lilishuka kwa barua ya aya moja. Halikutaja tarehe ya kuhesabia, wala maana ya fao, wala kama anayehesabiwa ni mtu au kaya. Ofisa aliyekabidhiwa alikusanya alichoweza kupata: orodha ya walengwa wa TASAF wenye alama ya ulemavu ndani ya kaya, orodha ya waliokopeshwa ile asilimia 2 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa watu wenye ulemavu, mihtasari kutoka mifuko ya hifadhi ya jamii, na daftari la watu wenye ulemavu lililojazwa na watendaji wa vijiji. Akaviweka katika faili moja la Ekseli, safu moja kwa kila chanzo, kisha safu ya mwisho ikabeba jumla.

Jumla ilipangwa kuanzia kubwa. Kata ya chai ikashika nafasi ya kwanza kwa mbali, ikifuatwa na kata ya mji, na kata ya juu ikakaa chini kabisa. Kwenye kikao cha kamati, safu ile ilisomwa kama kipimo cha uhitaji, na pendekezo likawa timu ianzie kata ya chai. Diwani wa kata ya juu alipinga. Alieleza kwamba katika kata yake anawafahamu watu waliofungiwa ndani miaka mingi, na akauliza jedwali limewaweka wapi. Mwenyekiti aliona hoja ina uzito, akarudisha jedwali likapitiwe kabla ya kikao cha baraza.

Faili lilipofunguliwa upya mbele ya mtakwimu, ofisa ustawi wa jamii, mratibu wa TASAF na mwakilishi wa chama cha watu wenye ulemavu, makosa hayakuhitaji kutafutwa sana. Mfano huu unaonyesha kosa kuu. Chukua kaya moja yenye bibi, binti yake aliyeumia mkono kiwandani, na mjukuu mwenye ulemavu wa viungo. TASAF inaandika mstari mmoja, kwa jina la bibi, kwa kuwa ndiye mpokeaji wa kaya. Daftari la kijiji linaandika mistari miwili, ya binti na ya mjukuu. Mfuko wa fidia unaandika mmoja, wa binti. Ukijumlisha unapata wanne. Wenye ulemavu ni wawili, anayepokea fao kwa jina lake ni mmoja, na bibi, ambaye hana ulemavu wowote, naye amehesabiwa.

Kisha ikaonekana mikopo. Ile asilimia 2 ni mkopo usio na riba unaorejeshwa. Aliyekopa anadaiwa, na kumweka katika safu ya wanaopokea mafao ni kuigeuza hali yake juu chini. Tena utoaji wa mikopo hiyo ulikuwa umesimamishwa nchi nzima tangu Aprili 2023, kwa hiyo orodha ilikuwa ya wakopaji wa miaka ya nyuma waliobaki na marejesho.

Kosa la tatu lilijificha zaidi. Muhtasari wa mfuko mmoja ulipangwa kwa anwani ya mwajiri. Kila mchumaji chai aliyeumia aliangukia kata ya chai, hata kama alikwisha kurudi kwao kata ya juu kulima viazi kwa mkono mmoja. Waliofanya kazi kwa kampuni ambazo ofisi zake kuu ziko nje ya mkoa hawakuonekana popote wilayani.

Maamuzi na sababu zake

*Kutoanza na uandikishaji mpya.* Wapo waliotaka kutuma watu kila kitongoji waandike upya. Hilo lilikataliwa, na lilikataliwa kwa haki. Fedha za posho hazikuwepo, mvua zilikuwa zimekolea, na zaidi ya yote kasoro ilikuwa katika tafsiri. Daftari jipya lililojazwa kwa agizo lilelile la aya moja lingezaa makosa yaleyale kwa gharama kubwa zaidi.

*Kuandika maana kabla ya kugusa namba.* Timu ya mapitio, yaani hao waliofungua faili upya, iliandika ukurasa mmoja. Anayehesabiwa: mtu mmoja, mkazi wa kata kwa kawaida, wa umri wowote, ambaye tarehe 31 Desemba 2023 alikuwa na stahili hai ya malipo kwa sababu ya ulemavu au ugonjwa wake. Kila kipande kiliwekwa kwa kusudi. Tarehe moja ilihitajika kwa sababu orodha moja ilikuwa ya waliolipwa mwaka mzima na nyingine ya waliomo leo. Aliyepokea fidia ya ulemavu wa muda kuanzia Aprili hadi Juni akapona, yumo katika orodha ya mwaka na hayumo katika hesabu ya Desemba. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila haziwezi kukaa safu moja. Waliolipwa kwa mkupuo walipewa safu yao, “waliolipwa mkupuo ndani ya mwaka”, maana hawana stahili inayoendelea lakini ulemavu wanao.

*Kutenga aina za malipo.* Jedwali jipya lilikuwa na makundi manne: mafao yatokanayo na uchangiaji au fidia, ruzuku ya kaya, ikionyesha kaya upande mmoja na watu wenye ulemavu waliomo upande wa pili, huduma na visaidizi, na mikopo. Ikakubaliwa kuwa hakuna jumla inayovuka makundi. Waliotaka namba moja walipewa moja tu: idadi ya watu wenye ulemavu wanaofikiwa na angalau malipo ya aina moja, baada ya kuondoa waliojirudia. Mikopo haikuingia humo.

*Kulinganisha majina.* Hapa ndipo kazi ilipokuwa ngumu, na wanaofanya kazi hii wangefaa kupajua kwa undani. Ufunguo wa kwanza ulikuwa namba ya NIDA. Pasipo na namba, vilitumika vitu vinne kwa pamoja: majina matatu, jinsi, mwaka wa kuzaliwa na kijiji. Jina la ukoo peke yake halifai kabisa. Kuna vijiji upande wa Makete ambako akina Sanga wanajaa ukurasa, na Rungwe na Kyela koo zinazoanza na Mwa- zinafanana kwa herufi nyingi kiasi kwamba kompyuta inaziona kama makosa ya uandishi ya jina moja. Kwa upande mwingine, mtu yuleyule ameandikwa Atupele huku na Atupere kule. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, R zote zilisomwa kama L, nafasi za ziada zikaondolewa, na mpangilio wa majina ukapuuzwa: jina la baba likiwa la pili au la tatu lihesabike sawa.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ilihitaji tahadhari. Asiyeijua siku yake huandikiwa 1 Januari au 1 Julai, hivyo tarehe kamili inaleta mfanano wa uongo. Mwaka ulitumika, ukiruhusu tofauti ya miaka miwili kwa wenye zaidi ya miaka 50. Namba ya simu haikukubaliwa kama ufunguo kwa kuwa simu moja hutumika na watu wengi: mjukuu anapokea kwa niaba ya bibi, jirani anasaidia wazee watatu. Kila jozi iliyokubaliana kwa vitu vitatu kati ya vinne ilisomwa na watu wawili kwa nyakati tofauti, na walipotofautiana, mtendaji wa kijiji aliulizwa bila kuambiwa ni orodha gani zinahusika.

*Kuchagua kigawanyo, yaani namba ya kugawia.* Idadi ya watu kwa kila kata ilichukuliwa kutoka Sensa ya 2022. Kishawishi kilikuwa kutumia pia kiwango cha ulemavu cha sensa, asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka 7 na zaidi kitaifa, kisha kusema kata fulani ingepaswa kuwa na wanufaika wangapi. Timu ilikataa, na sababu zake zinafaa kurudiwa. Sensa inauliza ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Mfuko wa fidia unapima asilimia ya ulemavu uliotokana na kazi. Mfuko wa pensheni unataka uthibitisho wa kidaktari kwamba mwanachama hawezi kazi. Kijana wa dingdong aliyepoteza vidole viwili anaweza kujibu “sina ugumu” katika maswali yote sita, ilhali kisheria ana ulemavu wa kudumu wa kulipwa. Mama mwenye mtoto wa jicho yumo katika sensa na hana fao lolote. Vipimo hivi havigawanyiki kimoja kwa kingine. Tena kiwango kile kinaanzia miaka 7, na orodha za wilaya zina watoto wa miaka 3.

*Kuzuia namba ndogo kwenye nakala za wazi.* Sheria ya Takwimu inalinda siri ya mtoa taarifa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ikaamuliwa seli yoyote yenye watu chini ya 5 ifichwe. Lakini kuificha hiyo peke yake hakutoshi. Chukua mfano: kata ina wanufaika 14, wanaume 11, safu ya wanawake imefichwa. Mtoto wa darasa la nne ataipata kwa kutoa. Kwa hiyo ukificha seli moja, ficha na ya pili katika mstari uleule, au unganisha kata mbili jirani. Kwa watu wenye ualbino hakuna mgawanyo wa kata uliochapishwa, na daftari lenye majina na vitongoji vyao lilitolewa kwenye faili la pamoja likabaki kwa ofisa ustawi wa jamii. Katika mikoa hii hilo ni suala la uhai.

*Kuhakiki kata tatu tu.* Badala ya kuzunguka wilaya nzima, timu ilihakiki vijiji viwili katika kila moja ya zile kata tatu. Wahakiki hawakumuuliza mwenyekiti wa kitongoji, “Nani hapa ni mlemavu?” Swali hilo linawaleta wenye fimbo na magongo na kuwaacha viziwi, wenye kifafa, wenye matatizo ya akili na wazee waliopofuka polepole. Walipita nyumba kwa nyumba na maswali sita ya ugumu, kwa kila mtu wa miaka 5 na kuendelea, wakikubali majibu manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, hawezi kabisa. Kisha swali moja la ziada: je, analipwa chochote kwa sababu ya hali hiyo, na nani, na mara ya mwisho lini.

Matokeo

Jumla ya wilaya ilishuka, na iliposhuka wajumbe waliingiwa na wasiwasi kwamba watu wamekatwa. Ilibidi jedwali la kwanza na la pili yawekwe kando kwa kando, pamoja na safu ya kila sababu ya upungufu: waliojirudia, wakopaji walioondolewa, kaya zilizohesabiwa kama watu, waliokwisha kufariki. Bila safu hizo hoja isingepita.

Mpangilio wa kata uligeuka. Kata ya chai ilibaki na wanufaika wengi wa fidia, jambo linaloeleweka: kuna ajira rasmi, mwajiri anachangia, na ajali ina fomu. Lakini sehemu ya waliokuwa wamehesabiwa hapo ilihamia kata ya juu walikokuwa wakiishi. Kata ya mji ilitoa somo gumu zaidi. Kwenye mashine za mbao uhakiki ulikuta majeruhi ambao hawamo kwenye orodha yoyote, kwa kuwa ajali zao hazikutolewa taarifa. Sheria ya fidia inataka taarifa ndani ya miezi 12, na kwa baadhi yao muda ulikuwa umepita. Kata ya juu ilikuwa na watu wenye ugumu mkubwa katika kila kitongoji kilichopitiwa, wengi wao wakiwa hawapokei chochote, wachache wakifikiwa kupitia ruzuku ya kaya peke yake.

Kamati ilibadili uamuzi. Visaidizi viligawiwa kwa uhitaji uliohakikiwa. Timu ya ustawi wa jamii ilianzia kata ya juu, na kwa mashine za mbao ikapangwa ziara ya pamoja na ofisa kazi, kuwaandikisha waliokuwa bado ndani ya miezi 12.

Uchambuzi

Kosa lililogharimu zaidi lilikuwa la usomaji: kuchukulia wingi wa wanaopokea kuwa wingi wa wenye shida. Idadi ya wanufaika inapima uwepo wa njia ya kupokelea, yaani ajira rasmi, kaya iliyoingia katika utambuzi, ofisi iliyo karibu, fomu iliyojazwa. Mahali pasipo na hivyo namba inakuwa ndogo na uhitaji unaweza kuwa mkubwa kuliko kwingine kote. Ikisomwa kinyume, fedha inapelekwa kwa waliokwisha kufikiwa na kuwaruka wale wale walioachwa. Diwani aliyepinga hakuwa na takwimu mkononi, lakini alikuwa sahihi, na kikao kilichompa nafasi kilifanya kazi yake.

Ukurasa wa maana uliandikwa kwa saa chache na ndio uliookoa jedwali. Ungeambatishwa kwenye barua ya agizo, ofisa wa kwanza asingejumlisha kaya na watu. Hapa lawama haimwangukii aliyejaza. Anayeomba takwimu bila kutaja kipimo, tarehe na eneo ataletewa chochote kilichopo.

Kulinganisha majina kulifaulu kwa watu wazima na kukashindwa kwa watoto. Kitambulisho cha NIDA wakati huo kilikuwa cha wenye miaka 18 na zaidi, hivyo ufunguo uliotegemewa uliwaacha nje watoto wote tangu mwanzo. Walilinganishwa kwa majina tu, na waliojirudia katika kundi hilo huenda bado wamo.

Uhakiki wa nyumba kwa nyumba ulikumbana na mambo mawili yaliyovuta pande tofauti. Katika kijiji kimoja ulivuma uvumi kuwa orodha ni ya fedha, na majibu ya “ugumu mkubwa” yakaongezeka ghafla mchana ule. Katika kingine watu walificha malipo wanayopata wakihofia kuondolewa TASAF. Wahakiki waliotanguliza maelezo mbele ya mkutano wa kitongoji, wakisema wazi kwamba hakuna anayeongezwa wala kuondolewa kwa zoezi hili, walipata majibu yaliyotulia zaidi. Tatizo la wakati halikutatuliwa. Msimu wa kupalilia ulikuwa umeshika, aliyebaki nyumbani mara nyingi ni mwenye ulemavu mwenyewe, na bado wahakiki walingoja mkuu wa kaya arudi ajibu kwa niaba yake. Hilo ni kosa la utaratibu na la heshima pia. Anayeweza kujieleza aulizwe mwenyewe. Kwa kiziwi atafutwe mkalimani wa lugha ya alama kabla ya safari, wala si kutegemea mdogo wake anayekisia.

Viwango kwa kila watu 1,000 vilitolewa kwa tahadhari inayostahili. Mfano: kata yenye watu 6,000 na wanufaika 12 ina kiwango cha 2 kwa 1,000. Wakihamia watatu tu, kiwango kinakuwa 2.5, yaani kimepanda kwa robo, bila lolote la maana kubadilika. Timu haikuipanga kwa daraja kata yoyote yenye wanufaika chini ya 20, na hilo lingefaa kuwa desturi.

Safu ya ugonjwa ndiyo iliyobaki dhaifu kuliko zote. Jedwali la kwanza liliweka 0 katika kata nyingi, na 0 ni dai kubwa: inasema mtu ametafuta na hakukuta. Ukweli ni kwamba likizo za ugonjwa hulipwa na waajiri, na hakuna aliyewauliza. Jedwali la pili lilitumia alama tatu: 0 kwa palipotafutwa na kukosekana, nukta mbili (..) kwa takwimu isiyokusanywa, na kistari kwa isiyohusika. Safu karibu nzima ikajaa nukta mbili. Haipendezi machoni, lakini inamwonyesha msomaji mahali pa kuuliza. Hatua inayowezekana ni kuwaomba waajiri wakubwa wachache wa wilaya idadi tu, bila majina wala maradhi: wangapi walikuwa kwenye likizo ya ugonjwa ya zaidi ya siku 14 tarehe ya kuhesabia, wangapi kwa mshahara kamili, wangapi kwa nusu. Katika mikoa ambako maambukizi ya VVU yako juu kuliko wastani wa nchi, Njombe ikiongoza, jina la ugonjwa halina sababu ya kuingia katika jedwali la halmashauri.

Mfululizo wa miaka haukujengwa, na ni vema haukujengwa. Anayetaka kulinganisha na nyuma akumbuke kuwa takwimu za Mkoa wa Iringa za kabla ya 2012 zina Njombe ndani yake, na za Mbeya za kabla ya 2016 zina Songwe. Halmashauri nazo zimegawanyika, kama Busokelo ilivyotoka Rungwe na Mafinga Mji ilivyotoka Mufindi. Mstari unaoshuka kwenye grafu unaweza kuwa mpaka uliochorwa upya, na safu ya mikopo ya 2023/24 ingeanguka kwa agizo la kusimamishwa, huku hali ya wenye ulemavu ikiwa ileile.

Kwa hesabu ya mwaka unaofuata yaliandikwa maelekezo matatu kwenye faili lenyewe. Mifuko iombwe kupanga muhtasari kwa kata anayoishi mlipwaji, na pale isipowezekana, safu iandikwe juu yake “kwa anwani ya mwajiri”. Watendaji wa vijiji wapeleke vifo na wahamaji kila robo mwaka, kwa kuwa daftari lililokaa bila kufutwa ndilo lililochangia majina mengi ya marehemu. Na kwa watoto itumike namba ya cheti cha kuzaliwa. Mpango wa kuwasajili walio chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo ulianza Mbeya mwaka 2013 kisha ukaenea mikoa jirani, hivyo watoto wengi wa umri wa shule ya msingi wanacho. Asiye nacho aandikiwe namba ya kadi ya kliniki na jina la mama, na jina lake liingie katika orodha ya wanaosaidiwa kusajiliwa.